Dunia Ilitangulia Kitabu Butembo na Beni

Saa moja asubuhi mjini Kasindi, mtoto wa mwaka wa saba anafunga vifungo vya shati lake jeupe na kutafuta daftari chini ya kitanda. Ng'ambo ya mto Lubiriha, upande wa Mpondwe nchini Uganda, wakati huohuo ni saa mbili. Kinshasa, mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, ni saa kumi na mbili na ndiyo kwanza kunapambazuka. Daraja fupi linampeleka mtu saa nzima mbele. Ndege ya kwenda Kinshasa inamrudisha saa nzima nyuma. Wabeba mizigo, waendesha pikipiki na akina mama wauza nyanya wa mpakani wameshaizoea hali hiyo. Wakipatana na mtu wa ng'ambo wanaulizana kwanza ni saa ya upande gani, kisha biashara inaendelea.

Darasani jambo hilo hupata maelezo. Mwalimu wa jiografia anachora duara ubaoni, digrii 360, anazigawa kwa saa 24, zinatoka digrii 15 kwa kila saa. Kasindi iko karibu sana na mstari wa digrii 30 mashariki. Thelathini ukigawa kwa kumi na tano, unapata mbili. Basi saa ya Kivu, iliyoitangulia ile ya Greenwich kwa saa mbili, inakwenda sawa na jua la Kivu. Ile ya Uganda ni saa ya digrii 45, mstari unaopita karibu na Mogadishu na Aden. Wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam wasicheke, maana wao pia wanatumia hiyohiyo. Mtoto aliyedhani kwamba saa huletwa na jua anagundua kwamba kuna watu walikaa mezani wakapatana, na kwamba babu yake aliyelima umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo hakuulizwa.

Wanaozungumzia shule na kuwafungua watoto macho juu ya dunia huwa wanamfikiria mtoto fulani wa mbali, aliyefungiwa kijijini, anayesubiri dirisha. Mtoto wa namna hiyo sijui kama amewahi kuwepo Beni au Butembo. Huku dunia iliingia zamani, tena bila hodi: kwa dhahabu ya kampuni ya MGL enzi za Wabelgiji, kwa mapadri Waasumsionisti waliofika mwaka 1929, kwa kahawa, kwa makontena, kwa kofia za buluu za Umoja wa Mataifa, kwa chanjo. Kilichokosekana ni mpangilio. Mtoto anaziona pande zote za dunia kwa wakati mmoja na hana pa kuzipanga. Miaka miwili ya mwanzo ya sekondari, kwa maoni yangu, ndiyo mahali pekee ambapo watoto wengi wa huku hupata nafasi ya kupanga, na kwa wengi nafasi hiyo huja mara moja tu.

Miaka hiyo miwili wazazi wengi bado wanaiita CO, yaani cycle d'orientation, jina la zamani. Sheria ya elimu ya Februari 2014 iliiunganisha na shule ya msingi, ikawa mwaka wa saba na wa nane wa elimu ya msingi ya miaka minane. Mwishoni kuna mtihani wa taifa wa kuwaelekeza wanafunzi, TENASOSP, halafu ndipo mtoto anachagua mkondo: ualimu, biashara, sayansi, kilimo, ufundi. Katika miaka hiyo anakutana na Kiingereza kama somo kwa mara ya kwanza, anapata mwalimu wa historia na mwalimu wa jiografia badala ya yule mmoja aliyefundisha kila kitu, na Kifaransa ambacho hadi hapo alikuwa akikikariri sasa kinakuwa lugha ya kufikiria. Kuna pia elimu ya uraia, kipindi ambacho walimu wengine hukipita haraka ili wamalize hesabu.

Kuna jambo moja kuhusu ada ambalo halisemwi vya kutosha. Tangu Septemba 2019 serikali imetangaza elimu ya bure, na kweli shule za msingi zilifurika. Lakini bure hiyo inaishia mwaka wa sita. Sheria inasema mwaka wa saba ni elimu ya msingi. Mfuko wa mzazi unasema ni sekondari. Kwa hiyo mlango wa kuielewa dunia umewekwa palepale kaunta ya kulipia ilipo, na mtoto wa mkulima aliyekimbia shamba lake Mbau au Eringeti anafika mlangoni akiwa na umri wa miaka kumi na miwili na mikono mitupu.

Tuseme ameingia. Aanze na nini?

Mimi ningependa aanze nyuma ya nyumba. Mashariki ya Kongo tunapenda kuyaita mazao yetu ya asili, na mtoto anakua akiamini kwamba muhogo, mahindi na maharage vilikuwepo tangu Mungu alipoumba milima. Muulize mwalimu wa historia aliyejiandaa. Mahindi, maharage na muhogo vyote asili yake ni Amerika. Viazi mviringo vinavyoshuka na malori kutoka nyanda za juu za Lubero vilitoka milima ya Andes. Mipapai, ambayo utomvu wake umekuwa ukikusanywa kwa miaka mingi katika eneo la Beni na kuuzwa nje kama papaini ya kulainishia nyama, nayo ni ya Amerika. Vanila ni ya Mexico. Miti ya kwinini iliyopandwa Lubero na Butembo ili ganda lake litibu malaria ni ya Andes pia. Kahawa ya arabika ni ya Ethiopia. Ndizi, chakula ambacho bila hicho Mnande wa huku hajioni nyumbani, babu zake ni wa kusini mashariki mwa Asia. Na ile mikaratusi iliyofunika vilima vyote vya Butembo, inayotoa nguzo, mbao na makaa, ilitoka Australia. Ukiondoa vilivyotoka mbali, mchana huo familia itakula mboga chache za mwituni.

Somo kama hilo halihitaji kompyuta wala umeme. Linahitaji mwalimu anayejua, chaki, na watoto arobaini au sitini waliotumwa kila mmoja aandike vyakula vitatu vya jikoni kwao. Ukishaweka orodha hiyo kwenye ramani, biashara ya utumwa, meli za Wareno, bustani za majaribio za kikoloni na njaa za zamani zinaingia zenyewe, kwa sababu kila mmea una njia uliyopitia na kuna watu walioubeba, wengine kwa hiari, wengine kwa minyororo.

Halafu kuna kakao. Kakao ndiyo habari kubwa ya Beni kwa miaka hii. Nayo ni ya Amerika, lakini leo mashamba yake yanaanzia Mangina hadi bonde la Semliki na miteremko ya Rwenzori, na familia nyingi zinalipa ada kwa kakao. Desemba 2024 bei ya tani moja kwenye soko la New York ilivunja rekodi, ikapita dola 12,000. Sababu zilikuwa mbali: mavuno mabaya ya Ghana na Cote d'Ivoire, mvua zilizokosea majira, magonjwa ya miti, mashamba yaliyozeeka. Watoto wa Beni waliona matokeo yake. Wezi wa kakao mbichi, wanunuzi waliojazana, wazazi waliothubutu kurudi kwenye mashamba hatari kwa sababu ya bei, na wengine hawakurudi nyumbani. Mwanafunzi wa mwaka wa nane anayejua kusoma grafu ya kawaida angeweza kueleza kwa nini mvua ya Ghana inaweza kumuua mtu Beni. Sidhani kama kuna mtihani wowote wa taifa uliowahi kumuuliza swali hilo.

Na bei zikishuka, kwa maana hupanda na kushuka, atahitaji maelezo vilevile. Atahitaji pia kujua kwamba Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka kakao na kahawa inayoingia kwao ithibitishwe kwamba haikulimwa kwenye msitu uliokatwa baada ya mwaka 2020, sheria ambayo tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa mbele zaidi ya mara moja. Shamba la baba yake litatakiwa kuwa na alama za kijiografia, yaani zilezile digrii za longitudo na latitudo alizofundishwa na kuzisahau baada ya mtihani. Mutwanga, chini ya Rwenzori, kuna kiwanda cha chokoleti cha Hifadhi ya Virunga kinachoendeshwa kwa umeme wa maji ya mlima huohuo. Ni mwendo mfupi kutoka shule nyingi za eneo hilo. Ziara moja ya darasa ingefundisha jiografia, fizikia na biashara kwa siku moja, siku usalama ukiruhusu. Hilo neno, usalama ukiruhusu, ndilo linalofuta nusu ya mipango mizuri ya elimu huku.

Nimetaja Semliki. Mto huu ungetosha kuwa kitabu kizima cha mwaka wa saba. Unatoka Ziwa Edward, unapita bondeni chini ya Rwenzori, unaingia Ziwa Albert, na maji yake yanakuwa Nile hadi Misri. Lakini ukipanda ukingo wa magharibi wa bonde, ukaenda mbele kidogo, mito inaelekea upande mwingine, inaingia mto Kongo na kuishia Atlantiki. Mvua inayonyesha katika jimbo moja la Kivu Kaskazini inagawanywa baina ya bahari mbili. Mstari wa ikweta nao unakatiza kati ya Butembo na Lubero. Mtu anaweza kula asubuhi kaskazini mwa dunia na mchana kusini, bila kubadilisha hata koti, maana kule juu ni baridi pande zote mbili.

Kwenye mto huohuo, pale unapotoka Ziwa Edward, pako Ishango. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua hapo mfupa mdogo wenye urefu wa takriban sentimita kumi, umechanjwa mistari iliyopangwa kwa mafungu, na ncha yake imepachikwa kipande cha jiwe. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka kama 20,000. Katika safu moja mafungu ni 11, 13, 17 na 19, zote namba tasa. Katika safu nyingine ni 11, 21, 19 na 9. Jumlisha kila safu, utapata 60. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama ni kalenda ya mwezi, ni mchezo wa hesabu, au ni mikwaruzo ya kushikia mfupa usiteleze. Mabishano hayo ni mazuri kwa darasa: mtoto wa miaka kumi na mitatu anaweza kushiriki kwa haki sawa na profesa, kwa kuwa anachohitaji ni kujumlisha na kugawa.

Mfupa wenyewe uko Brussels, kwenye makumbusho ya sayansi asilia. Wanafunzi wa Beni wanaoishi si mbali sana na mahali ulipofukuliwa wanajifunza kwamba hesabu ilianza Babeli na Ugiriki. Sina ugomvi na Wagiriki, Pythagoras afundishwe. Ila darasa linaloanzia Ishango lina faida ambayo darasa jingine halina: linamfanya mtoto aulize mfupa umefikaje Ubelgiji, na swali hilo peke yake lina historia ya karne nzima ndani yake.

Brussels inarudi tena kwenye suala la mpaka. Mipaka ya kwanza ya Dola Huru ya Kongo upande huu ilifuata ule mstari wa digrii 30, mstari wa karatasi usiojua mlima wala kabila. Mei 1910 wajumbe wa Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani walikutana Brussels wakapanga upya, na mpaka ukapitishwa Rwenzori na Semliki. Mlima ukagawanywa, pamoja na kilele chake cha juu kabisa, Margherita, chenye mita 5,109, kilichopewa jina la malkia wa Italia mwaka 1906 na Duki wa Abruzzi aliyekipanda. Watu nao wakagawanywa: huku wakaitwa Wanande, kule Wakonzo, na bado wanasikilizana wakizungumza, wanaoana, wanazikana. Mtoto wa Kasindi ana shangazi Bwera. Kwake uhusiano wa kimataifa ni kwenda kwenye arusi.

Juni 16, 2023 alijua upande wake mwingine. Usiku huo waasi wa ADF, walewale wanaoua Beni tangu Oktoba 2014, waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe na kuua watu zaidi ya arobaini, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini. Bendera ilikuwa nyingine, sare nyingine, saa moja mbele. Vilio vilikuwa kwa lugha ileile.

Butembo ina namna yake ya kuijua dunia, nayo ni biashara. Wafanyabiashara wa mji huu walianza kwenda Dubai, Hong Kong, Jakarta na Guangzhou wakati ambapo serikali ya Kinshasa ilikuwa haiwezi kuwatengenezea hata barabara, na watafiti wa nje wamekuja tangu miaka ya 1980 kuandika vitabu juu yao. Kontena linashuka Mombasa, linapita Kampala, linaingia Kasindi, linagawanywa Butembo na kusambaa hadi Kisangani. Mtoto wa mfanyabiashara anajua jina la bandari ya Kenya kabla ya kujua mikoa ya nchi yake. Anajua dola inabadilishwa faranga ngapi leo. Anajua kwamba Wachina hupumzika wiki kadhaa mwanzoni mwa mwaka wao na kwamba wakati huo mizigo haitoki.

Ujuzi huo ni mkubwa, nami nauheshimu. Lakini una kasoro: unaona bei, hauoni watu. Ukimuuliza kijana wa duka kuhusu Guangzhou atakutajia jengo la simu na jengo la viatu. Nani anashona viatu hivyo, kwa mshahara gani, kutoka kijiji gani, kwa nini ni rahisi kuliko kiatu cha fundi wa Butembo, hayo hayamo kwenye risiti. Hapa mwalimu wa jiografia wa mwaka wa nane ana kazi ambayo baba mfanyabiashara hawezi kumfanyia. Mwalimu wa Kiingereza vilevile. Wazazi wanataka Kiingereza kwa ajili ya Uganda na Dubai, na wana haki. Ila mtoto akiishia kwenye maneno ya kununulia, atakuwa mteja wa dunia maisha yake yote. Nasema hivi nikijua kwamba mwalimu huyo mara nyingi hayumo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, anaishi kwa michango ya wazazi, na pengine alasiri anaendesha pikipiki. Na kitabu anacho kimoja, chake.

Wakati ambao pengo kati ya kuiona dunia na kuielewa lilidhihirika ni ule wa Ebola. Agosti 1, 2018 ugonjwa ulitangazwa Mangina, karibu na Beni. Ulipotangazwa kuisha Juni 25, 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Katika miezi hiyo Beni na Butembo vilipokea dunia nzima: magari meupe, hoteli zilizojaa, mavazi ya plastiki, mishahara ya dola, lugha kumi mezani. Watoto walipimwa joto langoni mwa shule na kunawa maji ya klorini kabla ya kipindi cha kwanza. Kisha Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi, upigaji kura ukaahirishwa Beni na Butembo hadi Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama, wakati masoko, makanisa na shule vilikuwa wazi. Rais mpya akaapishwa Januari. Watu wakajumlisha wenyewe. Wapo waliosema ugonjwa umebuniwa, wapo waliosema ni biashara. Wakaazi wa Beni walipanga foleni Desemba 30 wakapiga kura zao za mfano, zisizohesabiwa na yeyote. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa na kuchomwa moto. Aprili 19 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, akauawa kwa risasi katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, Butembo.

Ni rahisi kusema watu hawakusoma, ndiyo maana. Sikubaliani. Shaka yao ilikuwa na sababu, na mwanafunzi yeyote wa elimu ya uraia angeweza kuzitaja. Walichokosa ni njia ya kutenganisha shaka ya haki dhidi ya wanasiasa na shaka isiyo na msingi dhidi ya kirusi, na kutenganisha huko hufundishwa, hakuji kwa umri. Mwaka wa saba wa sayansi unaeleza kirusi ni nini na chanjo inafanyaje kazi. Ingetosha mwalimu kuendelea sentensi tatu mbele. Mwaka 1995 Ebola ilipiga Kikwit, magharibi mwa Kongo hiihii. Kutoka kwenye damu ya mtu aliyepona huko, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wa Marekani walipata kingamwili iliyotengenezwa kuwa dawa. Dawa hiyo, pamoja na nyingine tatu, ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina kuanzia Novemba 2018, na Agosti mwaka uliofuata ikaonekana kuwa miongoni mwa mbili zinazookoa zaidi. Kwa maneno mengine, dawa iliyosemwa ni ya wazungu chanzo chake kilikuwa damu ya Mkongomani, na wagonjwa wa Beni walioshiriki ndio walioipatia dunia jibu. Ebola iliporudi Butembo Februari 2021, na Beni Oktoba mwaka huohuo, watoto waliokuwa mwaka wa saba mwaka 2018 walikuwa wakubwa nyumbani, na wengi wao ndio waliowaeleza bibi zao.

Kuhusu uraia, nitaje mambo mawili yaliyotokea Beni yenyewe, ambayo ningeyaweka kwenye daftari la kila mwanafunzi.

La kwanza ni la Novemba 2018. Wanajeshi wa kulinda amani wa Malawi na Tanzania walikuwa wakipambana na ADF karibu na Beni. Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania alijeruhiwa vibaya na hakuweza kusogea. Askari Chancy Chitete wa Malawi alimburuta hadi mahali salama, akampatia huduma ya kwanza, na katika kufanya hivyo akapigwa risasi na kufa. Mtanzania akapona. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ukampa Chitete, baada ya kifo, nishani yake ya ushujaa wa pekee. Watoto wengi wa Beni wanaijua MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, kwa yale iliyoshindwa kuyazuia, na orodha hiyo ni ndefu. Wangepaswa kuujua na upande huu, maana mtu akiujua mmoja tu, ama ule wa hasira ama ule wa vyeti, hajaijua.

La pili ni la Aprili 2021. Wanafunzi wa Beni, wengine wadogo kabisa, waliacha madarasa wakaenda kukaa kwenye uwanja wa ofisi ya meya, wakalala hapo siku kadhaa. Walitaka mauaji yakome na rais aje awaone. Walikuwa wakizungumza na Kinshasa na wakati huohuo na New York, wakijua vizuri nani ana jeshi, nani ana mamlaka, na nani ana kofia za buluu. Polisi waliwatawanya. Mwanzoni mwa Mei serikali ikatangaza hali ya dharura ya kijeshi Kivu Kaskazini na Ituri, na Juni rais akafika Beni. Mauaji hayakuisha. Lakini watu wazima waliouliza wakati ule, "hawa watoto wametumwa na nani?", nadhani walikuwa hawajafungua daftari la elimu ya uraia la mwaka wa nane kwa muda mrefu. Haki ya kukusanyika imo. Wajibu wa dola wa kulinda raia umo. Watoto waliandika, wakakariri, wakafanyia mtihani, halafu wakafanya jambo lisilotarajiwa: waliyasadiki.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwa mtoto wa Kasindi hilo lilipaswa kuwa na maana kuliko kwa mwenzake wa Matadi. Barabara ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, na ya Beni hadi Butembo, kilomita 54, zilipangwa kujengwa kwa ushirikiano na Uganda. Kiswahili chake ni lugha ya Umoja wa Afrika. Hata hivyo jumuiya hiyohiyo ina nchi mbili zinazotazamana kwa mtutu wa bunduki. Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Beni imekuwa makao ya muda ya serikali ya jimbo, na madarasa ya Butembo na Lubero yamepokea watoto waliotoka Kanyabayonga, Kirumba na kwingineko kusini. Wengine wamefika bila kitambulisho cha shule, bila alama za muhula, na mkuu wa shule anatakiwa aamue kama ni wa mwaka wa saba au wa nane.

Namna moja ya kuamua ni kumpa ramani isiyo na majina aiandike. Atakosea Ulaya, kama wengi wetu. Lakini barabara kutoka Rutshuru hadi Butembo ataichora bila kuinua kalamu, na vizuizi vyote ataviweka mahali pake.